Mwenye Bunduki na Mbeba Bunduki: Silaha katika Filamu, Televisheni na Lugha ya Watu wa Mwanza

Utangulizi

Kiswahili kina njia kadhaa za kumtaja mtu aliye na silaha, nazo hazilingani. Anayemiliki bunduki ana haki juu yake. Neno lenyewe, lililotoka Kiarabuni pamoja na milki na malki, ni neno la mali na mamlaka. Anayebeba bunduki anayo mkononi au begani, lakini kitenzi hicho hakisemi ni ya nani. Anayetembea na bastola anayo mwilini mahali ambapo wengine hawaioni, na wanaomzungumzia huinamisha sauti kidogo. Taarifa za polisi nazo zina usemi wao: mtu amepatikana na silaha. Hapo mhusika hatendi jambo lolote. Silaha ilikuwapo, naye akakutwa nayo.

Tofauti hizo zina historia ndefu. Aliyetengwa na umiliki wa bunduki mara nyingi ndiye aliyepewa kazi ya kuibeba, na lugha imehifadhi kumbukumbu hiyo. Filamu na televisheni hazikuihifadhi. Picha huonyesha silaha iliyo mkononi. Haki ya kuwa nayo haina umbo linaloweza kupigwa picha. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba sinema zilizotengenezwa Afrika Mashariki, au zilizotazamwa na watu wa Afrika Mashariki, zimemkuza mbeba bunduki na kumficha mwenye bunduki, na kwamba jambo hilo limewagharimu watu wa Mwanza kwa namna inayoweza kutajwa kwa tarehe.

Mahali pa kusimama ni Kisesa. Kisesa inayozungumziwa ni ile ya Wilaya ya Magu, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, takriban kilometa 20 mashariki ya Mwanza mjini. Isichanganywe na Kisesa ya Meatu. Kando yake kipo kilima cha Bujora, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, wakati wa sherehe ya Bulabo, wafuasi wa Bagika na Bagalu hushindana huko kwa ngoma. Uwanda huu wa wakulima na wafugaji umeujua upinde kwa karne nyingi. Aidha, uko jirani na uwanja wa ndege ambao filamu moja iliutangaza duniani kwa sababu ya bunduki ambazo hakuna mtazamaji aliyeziona.

Maneno ya silaha

Ni vema kuanza na msamiati. Neno bunduki lilitoka Kiarabuni, ambako mzizi wake ulikuwa jina la kokwa ya duara. Kutoka kwenye kokwa likahamia kwenye kidonge cha kurushwa, na kutoka kwenye kidonge likahamia kwenye chombo kinachokirusha. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachoua, na hadi leo neno moja linatumika kwa yote mawili. Baruti ilifika kwa njia hiyohiyo ya biashara ya Bahari ya Hindi. Bastola ina asili ya Ulaya. Lakini wasemaji hawakuazima kila kitu. Walipoliona dude kubwa la chuma lenye tundu, waliliita mzinga, kwa kulifananisha na gogo lililochongwa ndani ili nyuki wakae. Kitenzi fyatua kinatumika kwa mtego, kwa tofali na kwa bunduki, kwa kuwa katika yote matatu kuna kitu kilichobanwa ambacho huachiwa ghafla.

Neno lenye uzito mkubwa zaidi kwa historia ya bara ni gobore. Gobore ni bunduki ya kushindilia: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, hufuatwa na kitambaa au nyuzi, kisha vipande vya chuma au risasi, na vyote hushindiliwa kwa ufito. Katika matumizi ya vijijini gobore halihesabiwi kuwa aina mojawapo tu ya bunduki. Mara nyingi huwekwa upande wa pili wa mizani: huyu ana bunduki, yule ana gobore. Mgawanyo huo wa maneno una asili katika sheria.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliohusu, pamoja na biashara ya watumwa, uingizaji wa silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Usukuma wote umo ndani ya eneo hilo. Mkataba ulizuia bunduki za kisasa, yaani zile zenye mtutu uliochongwa msokoto ndani na zile zinazojazwa kwa nyuma, isipokuwa kwa idhini maalumu. Bunduki za kale za kushindilia, pamoja na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kwa masharti chini ya usimamizi wa serikali. Hivyo karatasi iliyotiwa sahihi Ulaya iligawa silaha katika mafungu mawili: moja la mtawala, jingine la mtawaliwa. Gobore likawa bunduki ya Mwafrika kwa mujibu wa sheria, na hadhi yake katika lugha ikafuata hadhi ya mwenye kulishika.

Silaha, msafara na ziwa

Bunduki zilikuwa zimekwisha kufika kusini mwa ziwa kabla ya mkataba huo. John Hanning Speke alipofika Mwanza Agosti 1858, alipita katika njia zilizokuwa zimefunguliwa na misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, waya, baruti na bunduki zilipanda bara. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake katika Unyamwezi kwa rugaruga wenye bunduki, na jina hilo la rugaruga likaenea mbali kuliko utawala wake.

Mtu mmoja wa kipindi hicho anastahili kutajwa kwa sababu kisa chake kinarudi, kwa sura nyingine, karne moja baadaye. Charles Stokes, raia wa Uingereza kutoka Ireland, alikuja Afrika Mashariki kuhudumia Church Missionary Society, kisha akaiacha kazi hiyo akawa mfanyabiashara wa misafara. Alioa katika ukoo wa kitemi wa Unyamwezi na akapeleka bidhaa, zikiwamo bunduki, hadi kusini mwa ziwa, Buganda na kwingineko. Januari 1895 alinyongwa katika Dola Huru ya Kongo kwa amri ya ofisa wa Kibelgiji, Kapteni Lothaire, kwa shitaka la kuwauzia Waarabu silaha. Kesi yake ilikwisha upesi na hakupewa nafasi ya kukata rufaa. Lothaire baadaye alishitakiwa na kuachiwa huru. Kisa cha Stokes kinathibitisha kwamba njia ya silaha kutoka mashariki mwa ziwa kuelekea Kongo ni ya zamani. Kinathibitisha pia kwamba swali la nani alizimiliki, nani alizibeba na nani aliadhibiwa kwa ajili yake lilikuwa gumu tangu mwanzo.

Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, bunduki ya kisasa ilikuwa ya askari, ya ofisa, ya mlowezi na ya mwindaji mwenye kibali. Mwafrika aliweza kuishika kwa njia mbili kubwa: kwa kuvaa sare, au kwa kumbebea mwindaji. Katika hali zote mbili silaha ilirudishwa ghalani. Baada ya uhuru sheria ziliendelea kudai leseni. Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991 ilifuatwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Jambo la kuzingatia ni kwamba umiliki ulibaki kuwa kitu cha maandishi: ombi linaloanzia kwa viongozi wa mahali mtu anapoishi, kupitia kamati za usalama, hadi hati inayotunzwa nyumbani. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayovutia mbele ya kamera.

Upinde haufichiki

Historia ya silaha katika Usukuma haikuishia kwenye bunduki. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wizi wa mifugo na ujambazi wa kutumia silaha uliongezeka magharibi na kaskazini mwa Tanzania, na silaha zilizotoka vitani zilitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walijiundia ulinzi wao. Wengine waliuita Busalama. Jina lililoenea ni sungusungu, yaani wale chungu weusi wanaouma kwa pamoja. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Mwizi alipoonekana, yowe au filimbi ilipigwa, na kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na podo lake.

Mwalimu Nyerere aliwasifu hadharani. Maofisa wa polisi na wa mahakama walikuwa na mashaka, na mashaka hayo yalikuwa na sababu, kwa maana palikuwapo watuhumiwa waliouawa bila kufikishwa mahakamani, na wanawake waliosumbuliwa kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu mamlaka ya kisheria.

Kwa mada ya mhadhara huu, sifa moja ya upinde inazidi nyingine zote: haufichiki. Bastola hukaa kiunoni chini ya shati, na aliye nayo hukaa katikati ya watu wasiojua. Upinde huonekana kutoka mbali. Anayeutwaa hujitangaza, na kijiji humjua yeye, baba yake na sababu ya kuutwaa. Kwa hiyo ulinzi wa sungusungu, pamoja na dhuluma zake, ulisimama juu ya kanuni iliyo kinyume cha silaha ya siri: mwenye silaha ni lazima aonekane, na ni lazima atoke pamoja na wengine. Makubaliano ya kijiji yalichukua nafasi ya hati ya serikali.

Safari za Hollywood

Filamu za Marekani zilizopigwa katika nchi za Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili zilimwonyesha Mwafrika akiwa karibu sana na bunduki bila kuwa nayo. King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953 zilifuata mfano wa safari ya uwindaji: mzungu mbele, mbeba bunduki nyuma yake, wapagazi nyuma zaidi. Mbeba bunduki hutembea na silaha siku nzima, huisafisha na kuijua kuliko wageni wengi wanaoitumia. Hatari inapotokea huikabidhi. Kukabidhi huko ndiko kunakomwonyesha mtazamaji ni nani mwenye mali, bila neno lolote kusemwa.

Hatari! ya 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kupigwa Tanganyika, sehemu kubwa katika nchi ya Arusha, ilibadili jambo moja. Wahusika wake, John Wayne akiwa kiongozi wao, hukamata wanyama wakiwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Bunduki zimo, lakini kamba na gari ndivyo vyombo vya kazi. Filamu hiyo ilipeleka neno la Kiswahili kwenye mabango ya dunia nzima. Wasemaji wa neno hilo, hata hivyo, walibaki kuwa wasaidizi.

Mwaka huohuo wa 1962 ilitoka Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond. Mwanzoni mwake mkuu wa Bond anamwamuru aiache bastola yake aina ya Beretta na kuchukua Walther anayopewa. Hapa pana kitu adimu: silaha inatolewa ofisini, juu ya meza, na mbebaji wake anaonyeshwa kuwa hana uhuru wa kuichagua. Dola ndiyo mwenye bunduki. Bond ni mbeba bunduki aliyevaa suti. Watazamaji wengi huikumbuka bastola na kuisahau meza.

Filamu za Marekani zenyewe hazioni haja ya kueleza umiliki, kwa sababu mtazamaji wa kwao anaujua tayari. Badiliko la Pili la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, limejenga mazoea ya kumdhania mtu mzima kuwa anaweza kuwa na silaha yake. Mabishano yao mengi ni juu ya kuibeba hadharani au kwa siri, na Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la Bruen, iliamua kwamba haki hiyo inavuka mlango wa nyumba. Mpelelezi anapochomoa bastola chini ya koti, mtazamaji wa Chicago hujaza mwenyewe pengo la sheria. Filamu ileile ikivuka bahari, koti hufika na bastola hufika, lakini sheria inayozieleza haifiki.

Stelingi na mtafsiri

Katika miji ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, sinema za Kihindi zilipendwa angalau sawa na za Marekani. Mother India ya 1957, ya Mehboob Khan, ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Mwishoni mwake mama anachukua bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe aliyegeuka mnyang'anyi na kumteka msichana wa kijiji. Sholay ya 1975, ya Ramesh Sippy, inasimulia kijiji kinachosumbuliwa na genge la Gabbar Singh. Ofisa wa zamani wa polisi, ambaye Gabbar alimkata mikono, anawakodi wafungwa wawili wa zamani ili wakilinde.

Ukilinganisha Sholay na sungusungu, tofauti inajitokeza wazi. Kijiji cha filamu hakina silaha, hivyo kinawakodi wabebaji kutoka nje. Vijiji vya Usukuma, miaka michache baada ya filamu hiyo kutoka, vilichukua silaha vilivyokuwa nazo ndani ya nyumba. Katika filamu, ushujaa ni wa watu wawili wenye majina. Katika kijiji, ni wa yowe linaloitikiwa na wengi.

Neno linalopanga mambo haya katika Kiswahili cha watazamaji ni stelingi. Limetokana na neno la Kiingereza lililotangulia majina ya waigizaji wakuu katika mabango na mwanzo wa filamu. Watazamaji wakalichukua kuwa cheo cha mhusika mwenyewe. Stelingi ana mpinzani wake, adui, na kanuni iliyojulikana kwa kila mtoto wa mjini ni kwamba stelingi hafi. Ndiyo maana kifo cha Jai katika Sholay kiliuma. Kisarufi, stelingi na adui ni nafasi, si tabia: mtu huwa stelingi kwa sababu kamera inamfuata. Bunduki ya stelingi haihitaji leseni. Inahalalishwa na nafasi yake. Ileile ikiwa mkononi mwa adui ni ushahidi wa uovu.

Kwa zaidi ya miaka 30 ya kwanza ya uhuru Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilipoanza mwaka 1994, vibanda vya video vilikuwa vimekwisha kuzoeleka mijini na katika miji midogo ya barabarani. Humo ndimo ilimokua sanaa ya mtafsiri, anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walijulikana sana kwa kazi hiyo. Wataalamu wa lugha wamewatazama zaidi kwa uchangamfu wao. Lipo jambo jingine la kuwasikilizia. Mtafsiri hodari hawezi kumwacha mtu mwenye bastola bila maelezo. Humpa jina, humtafutia bosi, huwaambia watu anamfanyia nani kazi na analipiza kisasi cha nani. Humrudishia mbeba bunduki uhusiano alionyang'anywa na picha. Misemo ya mitaani kama chuma na mguu wa kuku, ambayo yote humaanisha bastola au bunduki, ilipata makao humo pia, na kazi yake ni kuficha kwa maneno kitu kilichofichwa mwilini.

Filamu za Kitanzania zilizoshamiri katika miaka ya 2000, ambazo Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki mwaka 2012, alikuwa nyota wake mkubwa, zilishughulika zaidi na ndoa, mali na uchawi. Bastola huingia humo kama hakimu wa dakika za mwisho. Haielezwi ilikopatikana.

Televisheni ya habari ina desturi yake: meza ndefu, silaha zimepangwa, risasi zimesimamishwa mstari, kamanda wa polisi anasoma idadi. Hizo ni silaha zisizo na mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe amekimbia, amekamatwa au ameuawa. Mwaka 2016 ilionekana picha ya aina nyingine. Serikali iliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia, na Rais John Magufuli alionyeshwa akihakikiwa silaha zake Ikulu. Kwa muda mfupi umiliki wenyewe ukawa habari ya picha: mtu, silaha, hati na ofisa, wote mahali pamoja. Uchache wa picha kama hiyo ndio unaoipa thamani ya ushahidi.

Bunduki ambayo haikuonekana

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kwenye mwambao wa ziwa. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, viwanda vya minofu, ndege kubwa aina ya Ilyushin zinazobeba minofu kwenda Ulaya, na watu maskini wanaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Lakini swali linaloisukuma kutoka mwanzo hadi mwisho ni moja: ndege hizo zinakuja na nini? Wengine wanajibu kwamba huja tupu. Mwandishi wa habari Mtanzania anazungumzia silaha. Karibu na mwisho mmoja wa wafanyakazi wa ndege anasimulia jinsi alivyowahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi Ulaya na shehena ya zabibu. Filamu ilisifiwa sana, ikapata tuzo ya César mwaka 2006, na mwaka huohuo ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kwa tuzo ya Oscar.

Tanzania iliipokea kwa namna nyingine. Katika hotuba yake kwa taifa ya mwisho wa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete aliilaani kwa kuipaka nchi matope na akakanusha madai ya silaha. Agosti watu waliandamana Mwanza kuipinga. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshitaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Hata hivyo, hukumu ya kashfa ni hukumu juu ya maneno. Haikufungua shehena ya ndege yoyote.

Mjadala huo ulienda mbali bila kulitazama jambo lililo wazi kwa kila aliyeiona filamu. Bunduki inayodaiwa kushuka Mwanza haionekani kwenye picha. Kama zipo, zimefichwa kwa ukamilifu: mbebaji ni ndege, mwenyewe hajulikani, aliyepatikana nazo hayupo. Filamu inaijenga silaha kwa maswali na kwa ukimya wa wanaoulizwa. Hiyo ni mbinu halali ya kuuliza, na biashara ya siri ya silaha kuelekea Kongo ni jambo zito ambalo eneo hili limelijua tangu siku za Stokes. Tatizo ni kwamba ukosefu wa picha ya mwenye mali ulimwacha mtazamaji wa Ulaya na nyuso za wale walioonekana. Nyuso hizo zilikuwa za watoto wa mitaani, za wanawake wa mapanki, za wavuvi. Aibu ya silaha ikahamia kwa watu ambao hawakuwa nazo.

Silaha inayoonekana waziwazi ni moja, nayo ni upinde. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi anaonyeshwa akiwa na mishale yenye sumu, akilinda kwa ujira wa takriban dola moja kwa usiku mahali ambapo mlinzi aliyemtangulia aliuawa. Anasema kwamba wengi wangefurahia vita, kwa sababu askari hulipwa vizuri. Maneno hayo yalinukuliwa sana kama dalili ya bara lililopotea.

Mtazamaji wa Kisesa angeuona upinde huo kwa macho mengine. Angetambua silaha ya sungusungu, iliyotolewa katika kundi na kuwekwa mkononi mwa mtu mmoja anayelala nje peke yake. Angetambua pia kwamba mazungumzo yanakwenda kwa Kiingereza, lugha ambayo mlinzi anaitumia kwa kujikongoja. Mtu akisema juu ya vita katika lugha asiyoimudu, kauli yake hukosa viambishi vyote vinavyobeba maana katika Kiswahili: je, wangefurahi, wanafurahi, au huwa wanafurahi? Je, alisema juu ya kupigana, au juu ya kuajiriwa? Mwanafunzi wa isimu hawezi kuyajibu maswali hayo kwa niaba yake. Anaweza tu kuonyesha kwamba hayakuulizwa, na kwamba hukumu nzito ilijengwa juu ya sentensi nyepesi.

Hitimisho

Hoja iliyojengwa hapa ni fupi. Filamu ya safari ilimwonyesha mbeba bunduki asiye mwenyewe. Filamu ya stelingi ilionyesha silaha isiyohitaji mwenyewe. Darwin's Nightmare ilionyesha silaha isiyoonekana, ambayo mwenyewe hakutajwa. Katika zote tatu umiliki ndio uliokosekana, na pengo hilo lilijazwa na aliyekuwa karibu na kamera.

Haifuati kwamba sinema ni adui. Mlinzi yule asingesikika popote bila Sauper, na kuikataza filamu hakungeondoa umaskini wa mapanki. Kinachofuata ni kwamba picha inahitaji ushahidi wa pili, nao uko katika lugha. Msamiati wa wawindaji na wahunzi wa Magu, majina ya sehemu za gobore, istilahi za uongozi wa sungusungu, kauli za mashahidi katika kesi za silaha, na kanda za watafsiri wa video ni hazina ambayo kamusi zimeigusa juujuu tu. Wazee waliotoka na podo zao mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazidi kupungua, na kanda za video zinaoza.

Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji mtu wa kwenda Kisesa na vijiji vyake akiwa na daftari, na kuuliza kwa Kisukuma na kwa Kiswahili swali ambalo kamera haikuuliza: silaha ile ilikuwa ya nani?